Mama Anapojiunga na Mbio za Marathoni

 

Leo tutazungumza juu ya mbio ndefu. Huku kwetu Maseno, chama kimoja cha akina mama, chama cha kawaida tu cha kuweka akiba, kimeamua kwamba wanachama wake watakimbia marathoni. Walikuja kliniki kupimwa presha na wakauliza swali ambalo nadhani wengi wenu mngependa jibu lake: je, mama mwenye watoto wadogo, shamba na meza ya kuuzia omena anaweza kujiandaa kwa kilomita 42 bila kuugua na bila nyumba kuharibika? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa haraka, na si peke yake.

Kwanza tuelewe umbali wenyewe. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Kutoka hapa Maseno hadi Kisumu mjini ni kama kilomita 25. Kwa hiyo ni kama kukimbia hadi mjini, ugeuke bila kupumzika, na urudi zaidi ya nusu ya njia. Kwa miaka mingi wakubwa wa michezo walidai kwamba mwili wa mwanamke hauwezi umbali huo. Michezo ya Olimpiki haikuwa na marathoni ya wanawake hadi mwaka wa 1984, kule Los Angeles. Hao waliosema hivyo hawakuwa wamemwona mama akipandisha mlima na mtungi wa maji kichwani, mtoto mgongoni.

Na akina mama wa Kenya wamelijibu jambo hilo. Catherine Ndereba alijifungua binti yake mwaka wa 1997. Mwaka wa 2000 alishinda Boston, na Oktoba 2001 huko Chicago akavunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Edna Kiplagat, aliyekuwa mama tayari, alishinda ubingwa wa dunia mwaka wa 2011 na 2013, kisha akashinda Boston mwaka wa 2017 akiwa na umri wa miaka 37. Peres Jepchirchir alijifungua mwaka wa 2017 na kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mwaka wa 2021. Lakini angalieni pia Faith Kipyegon wa mita 1,500. Alijifungua Juni 2018, na alirudi mashindanoni mwishoni mwa Juni 2019. Mwaka mzima! Huyo ni bingwa wa Olimpiki mwenye mwalimu na watu wa kumshughulikia. Basi wewe uliyejifungua mwezi juzi, usikubali jirani akuharakishe.

Sasa, ni nini hutokea mwilini? Mtu anayekimbia hutumia sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na kwenye ini. Akiba hiyo haitoshi kilomita 42. Mama wa kilo 60 hutumia kama kalori 60 kwa kila kilomita, yaani kama 2,500 kwa mbio nzima, na akiba ya sukari huwa karibu kalori 2,000 au chini. Ndiyo maana wakimbiaji wengi huishiwa ghafla karibu na kilomita ya 30. Miguu inakuwa mizito kama magogo, kichwa kinazunguka. Mazoezi ya miezi mingi huufundisha mwili kutumia mafuta pamoja na sukari, ili akiba iende mbali zaidi. Moyo nao hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mifupa na kano hukaza. Kano na mifupa ndivyo vinavyochelewa kuliko vyote. Mapafu yako yatazoea baada ya wiki chache, utajiona uko tayari, kumbe goti bado.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui ni kwamba mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Unapata nguvu baadaye, wakati wa kupumzika na kulala, unapojenga upya kile kilichochoka. Kule Iten na Kaptagat, wanariadha wakimaliza mazoezi ya asubuhi hunywa chai, hula, halafu hulala. Mama wa Maseno akimaliza kukimbia anafanya nini? Anateka maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na safari tatu kisimani ni mazoezi tosha. Halafu kuna nguo za kufua, kuna palizi, kuna kusimama sokoni hadi jioni. Kwa hiyo ninapowauliza akina mama hawa, "Jumatano ni siku ya mapumziko?" nao wanajibu "Ndiyo, siku hiyo tunalima," tunacheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Kwa maoni yangu mama wa huku hakosi nguvu za kukimbia. Anakosa saa za kulala. Ikiwa umelima siku nzima, hesabu kwamba umefanya mazoezi, na kesho yake usikimbie. Ikiwa mtoto amekukesha kwa homa, lala. Hakuna mbio iliyopotea kwa sababu ya asubuhi moja.

Hapo ndipo kikundi kinaposaidia, na hapa nataka nikae kidogo. Wengi hufikiri kazi ya kikundi ni kukimbia pamoja ili mtu asichoke moyo. Hiyo ni kweli, lakini kazi kubwa zaidi iko nyumbani. Mnajua jinsi chama cha pesa kinavyokwenda: kila mwezi mmoja anapokea. Fanyeni hivyo na asubuhi. Mkiwa wanane, wawili wabaki kila siku ya mazoezi, wapike uji kwenye boma moja, wawaoshe watoto wa wote na kuwaelekeza shuleni. Wiki inayofuata wawili wengine. Aliyebaki hajapoteza, kwa maana siku hiyo mwili wake umepumzika. Chama cha pesa kina daftari, na hiki pia kiwe na daftari, kwa sababu bila kuandika kuna mmoja atakayebaki kila siku, na mtamjua ni nani: ni yule mpole asiyelalamika.

Baba wa nyumba naye aambiwe mapema, si siku ya kwanza alfajiri anapokuona unavaa raba. Mweleze ni siku gani, ni saa ngapi utarudi, na yeye atafanya nini. Kuwasha jiko na kuwapa watoto uji si kazi ngumu. Mama mkwe vilevile. Wengine watasema mwanamke anayekimbia barabarani anatafuta kuonekana. Mkaribisheni aje aone wakati wa kupima presha, mpimeni na yeye. Nimeona maneno mengi yakipungua kwa njia hiyo.

Ratiba yenyewe iwe ndogo. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinamtosha mama anayefanya kazi za mikono. Anayeanza kabisa, atembee dakika nne na kukimbia moja, arudie kwa nusu saa, na kila wiki apunguze kutembea kidogo. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kumsimulia mwenzako habari za harusi bila kuhema katikati ya sentensi. Ukishindwa kuongea, unakwenda kasi mno. Siku mbili ziwe fupi na moja iwe ndefu, na hiyo ndefu iongezwe kilomita moja au mbili tu. Kila wiki ya nne ipunguzwe, mwili upate nafuu.

Siku ndefu ni siku gani? Jumamosi kuna ndugu zetu Wasabato walio ibadani, na tena Jumamosi huku kwetu ni matanga. Kikundi hiki kimechagua Jumapili, kutoka saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, ili wanaokwenda kanisani wawe wameoga kabla ya ibada.

Mimi nawashauri hivi, ingawa wengine wataona ninachelewesha: mama anayeanza sasa alenge kilomita 10 baada ya miezi mitatu au minne. Kilomita 21 baada ya miezi minane hivi. Kilomita 42 mwaka unaofuata. Mbio za Nairobi zilizoanza mwaka wa 2003 zina umbali huo wote, kwa hiyo mnaweza kusafiri pamoja na kila mmoja akimbie anachoweza. Mjue pia kwamba Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Maseno ni kama 1,500, kwa hiyo pumzi itakuwa fupi kidogo kuliko hapa. Na mbio hizo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Oktoba, wakati wa mitihani. Mwenye mtoto wa darasa la mtihani alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Kabla ya yote, kapimwe. Ninasisitiza kupimwa damu, kwa maana upungufu wa damu ndio adui anayejificha sana kwa akina mama wa ukanda huu wa ziwa. Tunapoteza damu wakati wa hedhi na wa kujifungua, malaria inaharibu damu, minyoo nayo inanyonya. Madini ya chuma yakipungua, damu haiwezi kubeba hewa ya kutosha hadi kwenye misuli. Mama anahema, moyo unamdunda, miguu inakufa ganzi, naye anadhani ni uvivu, basi anajikaza zaidi. Angalia viganja vyako na ndani ya kope la chini. Vikiwa vyeupe, nenda kituo cha afya. Hamu ya kutafuna odowa ni ishara nyingine, ijapokuwa wengi wanaiona kama desturi tu. Kwa mwanamke asiye na mimba, kiwango cha damu kikiwa chini ya 12 ni upungufu, na mbio zisubiri hadi kipande. Kula omena, maini, maharagwe, osuga na mboga nyingine za kienyeji pamoja na chungwa au ndimu. Na chai, wenzangu, chai! Usinywe pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngoja kama saa moja.

Ugonjwa wa selimundu uko kwa wingi katika eneo letu la ziwa. Mwenye ugonjwa huo asikimbie mbio ndefu, kwa sababu kukaukiwa na maji na kuchoka sana humletea maumivu makali. Aliyerithi upande mmoja tu, asiye mgonjwa, anaweza kukimbia, lakini apande taratibu, anywe maji, na asijikaze siku za joto kali. Kama mtoto wako ana selimundu, basi wewe ni lazima uwe umebeba, na wengi hawajui hivyo.

Mwenye presha au kisukari aongee na daktari kwanza. Vilevile aliyewahi kuzirai akifanya kazi, anayesikia kifua kubana, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana. Anayetumia dawa za ARV anaweza kukimbia vizuri kabisa. Ameze kwa saa yake ile ile, hata siku ya safari. Na mwenye homa asikimbie hata hatua moja. Apimwe malaria, amalize dozi yote ya siku 3 hata akijisikia vizuri siku ya pili, kisha asubiri nguvu zirudi kabisa kabla ya kuanza tena na matembezi.

Sasa kwa mama aliyejifungua. Wiki sita za kwanza ni za kutembea tu, na uende kliniki kuangaliwa. Kukimbia kusianze kabla ya miezi mitatu, na kwa aliyepasuliwa huenda ikawa zaidi. Ukikimbia na mkojo ukakutoka, au ukisikia kitu kizito kinashuka ukeni, acha na uje utuone. Msione haya, jambo hili ni la kawaida na lina msaada. Misuli inayoshika mkojo hufundishwa: ikaze kama unayezuia mkojo, uhesabu hadi tano, uachilie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kuifanya ukiwa ndani ya matatu na hakuna atakayejua.

Anayenyonyesha anyonyeshe kabla ya kutoka, ili matiti yawe mepesi na mtoto ashibe. Kuna wanaosema maziwa ya mama aliyetoka jasho yameharibika na yakamuliwe chini. Si kweli. Maziwa ni yale yale. Futa jasho, umpe mtoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, kwa hiyo ukienda mbali kamua maziwa kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, yakae kivulini yasizidi saa 4, na anayebaki naye amlishe kwa kikombe. Ukiona maziwa yanapungua au mtoto haongezi uzito, punguza mbio kwanza. Na mjamzito asianze safari ya marathoni. Kutembea kunamfaa, marathoni itamngoja.

Barabara. Ile ya Kisumu kwenda Busia ina malori marefu ya Uganda, matatu zinazokimbizana na bodaboda zisizo na taa. Sipendi kuona vikundi vikifanya mazoezi juu ya lami hiyo alfajiri. Tumieni barabara za murram za ndani, ambazo pia hazigongi magoti sana. Mkilazimika kuingia lami, kaeni upande wa kulia ili mlione gari linalokuja, mstari mmoja, nguo nyeupe au za kung'aa, wa mbele na wa nyuma wakiwa na tochi. Hakuna kuweka redio masikioni, hata hii yetu. Hakuna mama kuachwa nyuma peke yake gizani. Kikundi kiende kwa mwendo wa yule wa mwisho. Mteremko wa kwenda Kisian unafurahisha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti na mapaja, kwa hiyo msiufanye kila wiki.

Hatari nyingine haiko barabarani. Tunakumbuka Agnes Tirop, aliyeuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyefariki Septemba 2024 baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Hao walikuwa wanariadha wakubwa. Ikiwa kutoka kwako kwenda mazoezini kunaleta vitisho, au unapigwa, mwambie mtu mmoja wa kikundi unayemwamini, mwambie muuguzi. Namba 1195 inapigwa bila malipo popote Kenya. Na mkiona mwenzenu amekosa mazoezi mara mbili bila sababu, mwende kumwamkia nyumbani. Mwende wawili.

Kuhusu chakula, hamhitaji vitu vya dukani vya bei. Ugali, viazi vitamu, nduma, ndizi na uji wa wimbi ndivyo vinavyojaza ile akiba ya sukari tuliyoitaja. Kabla ya kukimbia kwa muda mrefu, kunywa uji au ule ndizi. Baada ya hapo, kula ndani ya saa moja, usingoje watoto wote wamalize ndipo ukwangue sufuria. Maji kunywa unaposikia kiu, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kunywa maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na kuna wakimbiaji waliokufa kwa sababu hiyo. Ukikimbia zaidi ya saa moja kwenye joto, chukua kinywaji cha kujitengenezea: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni ile ile ya mtoto anayeharisha.

Tena, tafadhali, msimeze diklofenaki au Brufen kabla ya kukimbia ili maumivu yasije. Dawa hizo pamoja na kukaukiwa na maji huumiza figo. Maumivu ya misuli ya mapaja baada ya siku mbili ni kawaida. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila siku na kukuamsha usiku, si kawaida, na mfupa huenda una ufa. Hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba wala hunyonyeshi, unakula kidogo kuliko unavyokimbia. Njoo kliniki.

Viatu, raba za mitumba za Kibuye zinafaa. Ikunje: ikikunjika katikati kama kitambaa, iache. Iwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole gumba, kwa maana mguu huvimba. Sidiria inayobana vizuri ni muhimu kama kiatu, na mama anayenyonyesha anaweza kuvaa mbili. Pakeni mafuta mazito ya mgando kwapani na kati ya mapaja.

Siku ya mbio zenyewe, msivae kitu kipya wala kula kitu ambacho hamjakijaribu mazoezini. Kilomita 5 za kwanza mtapitwa na watu wengi, waacheni waende. Mkikutana nao kilomita ya 32 wamekaa kando ya barabara, wasalimieni. Anayehisi kifua kubana, anayepepesuka au anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka atolewe njiani mara moja na apelekwe kwa wahudumu, hata kama amebakiza kilomita moja. Mliobaki na watoto, wekeni maji ya moto tayari na chakula mezani, na wiki mbili zinazofuata msimpe aliyekimbia mtungi wala jembe zito.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya minyoo kwa watoto wa shule.